Mandari ya Kumuaga Mwari

Mandari ni neno la zamani visiwani. Pwani za Unguja zilipokuwa bado hazijajaa hoteli, watu wa mjini walikuwa wakifunga vyungu vyao na mikeka yao, wakawakusanya watoto, wakapanda gari ya shamba na kwenda kushinda Mangapwani, Chwaka au Fumba, kisha wakarudi jioni na mchanga katika pindo za nguo. Hapakuwa na aliyeuliza bei ya bahari. Mwenye mchele alileta mchele, mwenye samaki alileta samaki, na asiyekuwa na kitu alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi ya mwenziwe, na wakati wa kula sinia lilikuwa moja.

Siku hizi imezuka desturi ya jamaa na hiyo, ila imevaa nguo nyingine. Wiki chache kabla ya harusi, mashoga humchukua biharusi wakaenda kulala naye pwani siku mbili au tatu, kumuaga kabla hajaingia nyumbani kwa mume. Wapo wazee wanaoikunjia uso, wakisema imetoka kwenye sinema za kigeni na sherehe za jikoni za Dar es Salaam. Huenda ni kweli, lakini haja iliyomo ndani yake si ngeni kwa Waswahili. Mwari tangu zamani aliwekwa ndani, akasingwa, akatiwa hina, akakaa na somo wake na wanawake wa rika lake wakimcheka na kumfunza. Kilicho kipya si wanawake kukusanyika. Kilicho kipya ni kwamba mkusanyiko huo sasa una bei, na bei hiyo hugawanywa kwa vichwa. Hapo ndipo urafiki wa miaka mingi unapopimwa kwa kipimo ambacho haukuzoea.

Mwaka 2023, wanawake wanane waliosoma skuli moja Ng'ambo walikubaliana kumfanyia safari hiyo mmoja wao, aliyekuwa aolewe mwezi wa Juni. Maisha yalikwisha kuwatawanya. Mmoja alikuwa mwalimu, mmoja nesi, mmoja karani, mmoja mshonaji, mmoja alikuwa akiuza vitumbua mlangoni kwao, mmoja alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na mmoja alikuwa akiishi Muscat. Wa nane ndiye biharusi, na kwa kuwa biharusi halipi, walipaji walikuwa saba. Mwalimu alipewa kazi ya kupanga, kwa sababu ambayo walimu wote wanaijua: yeye ndiye mwenye daftari.

Wa Muscat alikuwa wa kwanza kuleta shauri. Alituma katika kundi lao la simu picha za hoteli moja ya Nungwi, chumba cha watu wawili dola 120 kwa usiku. Vyumba vinne kwa siku mbili ni dola 960. Mwalimu aligawa kwa saba akapata dola 137 kwa kila mmoja, yaani zaidi ya laki tatu za Kitanzania, kabla mtu hajapanda gari wala hajatia tonge kinywani. Akaandika hesabu hiyo kundini. Majibu yakaja kwa mfululizo: mashaallah, pazuri, inshaallah. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema hana. Siku ya pili yake mshonaji aliandika kwamba anasikitika, wiki hiyo atakuwa na safari ya Pemba.

Mwalimu aliisoma habari hiyo mara mbili. Mtu pekee ambaye mshonaji alikuwa naye Pemba alikuwa shangazi yake, na shangazi huyo walikwenda kumzika pamoja miaka miwili iliyopita. Jioni alimfuata kibarazani kwake, akakaa kando ya cherehani.

"Shoga, Pemba unakwenda kwa nani?"

Mshonaji hakuinua uso kwenye kitambaa. "Nakwenda kwa laki tatu nisizokuwa nazo," alijibu.

Habari ilipomfikia wa Muscat, alijibu kwa moyo mweupe na kwa haraka: atamlipia yeye, yaishe. Hakukusudia ubaya. Mtu aliye mbali na kwao mara nyingi hana njia nyingine ya kuwapo ila fedha. Lakini mshonaji alikataa, na neno alilomtuma mwalimu alipeleke lilikuwa fupi. "Mwambie namshukuru. Nikilipiwa nitakwenda kama mgeni wake, na mimi nilitaka kwenda kama shoga." Wa Muscat aliona amesukumwa mkono, akanyamaza siku nne. Kwa siku hizo nne safari haikuwa na mahali pa kwenda wala watu wa kwenda, na biharusi, ambaye hakuambiwa kitu, alikuwa akiuliza anunue nguo za rangi gani.

Hapo mwalimu alitambua kosa lake mwenyewe. Alikuwa ameanza na mahali, kisha akatafuta bei, kisha akaipeleka bei kwa watu. Njia iliyo sawa ilikuwa kinyume chake: kuanza na mfuko ulio mwepesi kuliko yote, na kutoka hapo kutafuta mahali. Alirudi kwa mshonaji akamuuliza, si kundini bali kibarazani, ni kiasi gani angeweza kutoa bila kukopa na bila kujinyima. Mshonaji alifikiri, akasema elfu sabini, mradi azitoe ndani ya Ramadhani, kwa kuwa huo ndio mwezi ambao watu wote wanataka nguo za Idi. Baada ya sikukuu cherehani hulala. Mwalimu aliandika elfu sabini juu ya ukurasa mpya, wala hakumwambia mtu imetoka kwa nani.

Kutafuta mahali pa elfu sabini kulimpeleka kwa ami yake, aliyevua samaki miaka arubaini na sasa hutoka baharini kwa nadra.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na daftari?"

Alimweleza shida yake, na mzee akacheka. Akamwambia kwamba sehemu ya bei ya Nungwi ni bei ya maji. Huko kwenye ncha ya kaskazini bahari haikimbii mbali, na mgeni anaweza kuoga takriban saa zote. Upande wa mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, mambo ni mengine. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Kwa bamvua, maji hujaa alfajiri na alasiri, na ifikapo saa nne au saa tano asubuhi bahari imekwisha kurudi nyuma kuelekea mwambani, ikaacha mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani. Asiyejua hulipa fedha zake, akaamka asubuhi na taulo begani, akakuta bahari imehama. Lakini mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi, saa nne hivi, wakati ambao watu wanataka kuoga.

"Mwenye kujua maji," alisema mzee, "hana haja ya kuyanunua."

Wakahesabu pamoja. Mwezi ungekuwa nusu tarehe 27 Mei, nayo ilikuwa Jumamosi. Tena ilikuwa mwishoni mwa masika. Aprili na Mei wageni hupungua pwani, hoteli nyingine hufunga milango, na mwenye nyumba ya kukodisha huwa na muda wa kumsikiliza mtu. Hatari yake ni mvua, na mwalimu aliiandika mvua hiyo katika daftari kama gharama, ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Jambiani iko karibu kilomita 55 kutoka mjini. Huko alipata nyumba ya vyumba vitatu ya bibi mmoja mkulima wa mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Bei ya kilo ya mwani ni ndogo, na joto la bahari limezidi kuharibu ile aina yenye bei bora. Hata hivyo kwa fedha hizo wanawake wamesomesha watoto na kuinua kuta. Bibi huyo alikuwa amejenga chumba baada ya chumba, na sasa nyumba ilimletea chumo ambalo mwani peke yake haukuweza. Walikubaliana 240,000 kwa siku mbili, pamoja na jiko la nje, sufuria na kuni.

Hesabu ikawa hivi. Nyumba 240,000. Gari ya kukodi, kwenda na kurudi, 120,000. Samaki, mboga na vikorokoro vya jikoni 90,000, mchele, unga na nazi vikitoka majumbani. Hina na asumini 20,000. Akiba 20,000. Jumla 490,000, na kwa watu saba ni elfu sabini kamili. Wa Dar es Salaam alikuwa na nauli yake ya boti, kwa hivyo yeye hakudaiwa mchele wala unga. Mwalimu hakupanga siku za kulipa. Aliweka siku ya mwisho tu, akamwachia kila mmoja alipe kwa maji yake: mshonaji katika Ramadhani, nesi na karani kila mwisho wa mwezi, muuza vitumbua kidogo kidogo kila Ijumaa. Majina ya waliolipa hayakutangazwa kundini, wala ya waliochelewa. Na sharti moja liliwekwa mapema, kabla fedha haijaingia: atakayeshindwa kwenda, fungu lake la nyumba na gari halirudi, kwani nyumba haipungui bei kwa kupungua mtu, la chakula litarudi.

Lililobaki lilikuwa la Muscat. Mwalimu hakumtumia ujumbe, alimpigia simu. Alimwambia kwamba kiwango ni elfu sabini, na kwamba yeye pia ataombwa elfu sabini, si senti zaidi. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. "Basi na udi nao umekatazwa?" aliuliza. Mwalimu alijibu kuwa udi si malipo, ni zawadi, na zawadi apewe biharusi.

Waliondoka Ijumaa tarehe 26 baada ya sala, wakiwa saba badala ya wanane. Nesi alipangiwa zamu asubuhi ile ile na hakupata wa kubadilishana naye. Alipoulizwa kuhusu fungu lake la chakula, alisema wasilirudishe, wamnunulie biharusi samaki mzuri. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha kama ilivyoandikwa daftarini, na sebuleni palivuja pembe moja. Wakasogeza mikeka.

Asubuhi ya Jumamosi maji yalikuwapo. Pweza hakupatikana, kwani pweza huokotwa zaidi miambani wakati wa bamvua, lakini ngalawa zilirudi na changu, nao walinunua ufukweni moja kwa moja, bila kupitia mkono wa mtu. Na maji hayo mafu yaliwaletea faida ambayo mwalimu hakuihesabu. Mashamba ya mwani hufikiwa kwa urahisi bamvua ikipwa. Katika siku za maji mafu mkulima hukaa nyumbani. Kwa hivyo yule bibi mwenye nyumba alikuwa na nafasi. Alipojua kuna mwari, alivuta kigoda, akakaa naye tangu alasiri mpaka Isha, akamfunza mambo ambayo hayaandikwi. Somo hakuwamo katika bajeti.

Wa Muscat alikuwa amezungukwa na bahari utotoni na ukubwani, na hakujua kuogelea. Mshonaji alijua, kwa kuwafuata kaka zake alipokuwa mdogo. Jumapili asubuhi, kabla gari haijafika, walionekana wawili hao wamesimama majini mpaka kifuani, na madera yao yakielea. Mshonaji alikuwa ameweka kiganja chini ya mgongo wa mwenziwe, akimwambia alegee, asiyapige maji, yatamchukua yenyewe. Walikaa hivyo kitambo kirefu. Hawakuzungumza habari ya laki tatu, wala hapakuwa na haja.

Waliporudi mjini mwalimu alifunga hesabu. Ile akiba ya elfu ishirini haikuguswa. Mmoja alisema igawanywe, mwingine akasema anunuliwe biharusi kanga. Ndipo nesi, ambaye hakwenda, alipowajulisha kuwa na yeye amekwisha kuposwa. Fedha ikabakishwa iwe mwanzo wa safari yake. Walipoulizana nani aiweke, mwalimu alisema yeye amechoka na daftari, na wote wakamtazama mshonaji. Aliipokea, akaihesabu mbele yao, akaitia katika kopo la vifungo kando ya cherehani.