Makumbusho Humkumbusha Nani? Fikira za Mwalimu wa Arua

Neno makumbusho limejengwa juu ya kitenzi kumbusha, wala halikujengwa juu ya kumbuka. Tofauti hii ni ndogo kwa sauti lakini kubwa kwa maana. Anayekumbuka aweza kukaa peke yake, kimya, na kumbukumbu yake ikamtosha. Anayekumbusha hana budi awe na mwenziwe mbele yake, na aseme naye kwa lugha anayoielewa. Tukilichukua neno kwa uzito huo, nyumba iliyojaa ngoma, mikuki na vyungu haijawa makumbusho bado; ni ghala. Inakuwa makumbusho siku inapompata mtu wa kumkumbusha. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka kadhaa hapa Arua, ambako nafundisha Kiswahili chuoni, na napenda kuwaeleza walimu wenzangu mahali liliponifikisha.

Arua ni mji wa wanafunzi. Ulianzishwa mwaka 1914 kuwa makao ya serikali ya West Nile, wakati eneo hili lilipotolewa Sudan na kutiwa Uganda. Kabla ya hapo lilikuwa sehemu ya nchi ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliishika hadi alipokufa mwaka 1909. Tangu Julai 2020 Arua ni jiji. Kwa miaka mingi Chuo cha Taifa cha Ualimu cha Muni kililea walimu wa shule za sekondari. Chuo Kikuu cha Muni kikaanza mwaka 2013. Na hapa hapa yapo matawi ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda na cha Chuo Kikuu cha Kiislamu. Jioni, vijana wanapotoka madarasani na kuingia sokoni, msikilizaji atasikia Kilugbara, Kialuri, Kimadi, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili kabla hajamaliza kununua nyanya. Na mwendo wa kilomita zipatazo 55 kuelekea kaskazini iko Koboko, mji wa Wakakwa, karibu na mahali paitwapo Salia Musala, ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana.

Katika mji wa namna hii sanaa haikosekani. Kwaya za makanisa huimba kwa adungu, ngoma huchezwa arusini na matangani, na mahafali ya vyuo hayaishi bila mchezo wa kuigiza. Lakini vitu vya zamani, na maandishi juu ya watu wa zamani, kwa sehemu kubwa vilikwenda mbali. Makumbusho ya Uganda yaliyoko Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia katika jengo lake la sasa mwaka 1954, ni takriban kilomita 500 kutoka hapa. Klaus Wachsmann, aliyeyaongoza katika miaka ya 1940 na 1950, alikusanya ala za muziki na kunasa sauti za waimbaji wa sehemu nyingi za nchi. Katika miaka hiyo hiyo John Middleton alikaa kati ya Walugbara, akaandika juu ya mababu zao, matambiko yao na ugomvi wa wazee wao, na kitabu chake juu ya dini ya Walugbara kikatoka mwaka 1960. Baadaye mtaalamu huyo huyo aligeukia pwani, na mwaka 1992 akatoa kitabu kikubwa juu ya Waswahili. Basi mkono mmoja uliwaandika Walugbara na ukawaandika Waswahili, na mara zote mbili kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyemsimulia Middleton, akitaka kujua babu yake alisema nini, sharti aende maktaba akamsome katika lugha ambayo babu hakuisema. Simlaumu Middleton, aliandika alivyoweza kwa ajili ya wasomaji wake. Nauliza tu: sisi tumeandika nini kwa ajili ya wasomaji wetu?

Mwaka 2019 niliwachukua wanafunzi wachache kwenda Kampala. Makumbusho ya Uganda yalikuwa yamefungua, mwezi Mei, maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin. Picha hizo zilipigwa na wapiga picha wa serikali, na filamu zake zilikaa miaka mingi kabatini katika shirika la utangazaji, nyingi hazijapata kuchapwa. Wataalamu wa Makumbusho hayo, wa Makerere na wa vyuo vikuu vya Marekani na Australia walishirikiana kuzitoa. Kwa kuwa wapiga picha wa serikali hawakupiga mateso, waandalizi walitenga pia sehemu ya kuwakumbuka waliouawa. Kwa watu wa West Nile jambo hili halikuwa jepesi. Amin ahesabiwa kuwa mtu wa Koboko kwa upande wa ukoo, na baada ya kuanguka kwake mwaka 1979 watu wa huku walilipishwa deni ambalo wengi wao hawakulikopa.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwamo binti mmoja wa Koboko. Wenzake walikusanyika penye picha za rais. Yeye alisimama kitambo kirefu penye picha za umati, akichungua nyuso za nyuma. Basi letu lilipokuwa likivuka Mto Nile kule Pakwach, akaniambia: “Mwalimu, nilikuwa namtafuta babu. Lakini simjui sura. Picha zile zimenionyesha watu, hakuna aliyenikumbusha.” Alikuwa amezaliwa miaka mingi baada ya mambo hayo. Alichokosa ni mtu wa kusimama kando yake na kusema: huyu ni fulani, na hapa ni mahali fulani.

Kutokana na maneno hayo tukaazimia kufanya maonyesho yetu wenyewe chuoni. Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na shauri letu likangoja. Hatimaye tukachagua tarehe 7 Julai 2022, siku ambayo UNESCO ilikuwa imeiweka kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku chache tu kabla yake Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limeamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kipendekezwe kuwa somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, nasi walimu wa somo hili tulitembea vichwa juu. Kanuni yetu ilikuwa rahisi: kila mwanafunzi alete kitu kimoja kutoka kwao, na akiandikie kadi katika lugha tatu, yaani lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Tulikata kadi kutoka maboksi, tukapanga meza katika ukumbi wa kulia chakula, tukawaalika wazazi na majirani.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya msamiati, na naamini itawafurahisha wasomaji wa jarida hili. Kijana mmoja wa Kialuri alileta adungu, ile ala ya nyuzi yenye shingo iliyopinda na tumbo la mti lililowambwa ngozi. Akafungua kamusi, akakuta kuwa ala ya namna hiyo kwa Kiswahili ni kinubi. Akaandika kwa hati nzuri: “Kinubi cha Waaluri.” Wenziwe wa Koboko waliposoma walicheka hata machozi. Huku kwetu Kinubi ni lugha, lugha ya Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha na jamaa zao, ambayo chimbuko lake ni Kiarabu. Kwa msomaji wa Arua kadi ile ilisema kwamba Waaluri wana lahaja yao ya Kinubi! Kamusi haikukosea, na kijana hakukosea. Bali neno lililotoka pwani lilikuta jina lake limekwisha kukaliwa na mwingine. Tulishauriana, tukaandika “Adungu”, na chini yake maelezo ya jinsi inavyotengenezwa na inavyopigwa. Msomaji wa Mombasa au Tanga akijifunza neno adungu, Kiswahili hakipungui kitu.

Taabu ya pili haikuwa ya kucheka. Mzazi mmoja, mzee wa upande wa Ombaci, alileta jembe. Alikuwa ameondoka nalo wakati watu wa West Nile walipokimbilia Sudan na Zaire, akalima nalo ugenini, akarudi nalo. Mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara tatu. Mwanawe aliandika kadi kwa lugha tatu kama kanuni ilivyotaka. Mzee aliisoma pole pole, kisha akaniomba tuikate sehemu ya Kiswahili. Nilimwuliza kwa adabu kama hakielewi. Akasema: “Nakielewa, Mwalimu. Walionifundisha ni askari. Wa kwanza walipofika waliniita ndugu, wakanunua kuku kwa fedha. Waliokuja baada yao wakaniambia lala chini. Lugha ilikuwa ile ile.”

Kila mtu wa umri wake hapa anajua asemalo. Majeshi ya Tanzania yalifika West Nile katikati ya mwaka 1979, na wazee wengi huwataja askari wake kwa wema. Miaka iliyofuata ilikuwa mingine. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua watu wengi waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, na kila mwaka tarehe hiyo ibada ya kuwakumbuka hufanywa pale. Kiswahili hakikuua mtu. Lakini sauti iliyotoa amri ilikuwa ya Kiswahili, na sikio halisahau.

Yafaa sisi walimu tulitazame jambo hili bila kupepesa. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, na ni kweli. Lakini kila mahali kiliingia kwa mlango wake. West Nile kiliingia pamoja na vikosi vya King's African Rifles, vilivyochukua vijana wengi wa huku. Kikarudi na vibarua waliotoka kukata miwa Kakira na Lugazi. Mwaka 1973 kikatangazwa na Amin kuwa lugha ya taifa kwa amri, na shule nyingi hazikupata kukifundisha. Jeshi, kibarua na amri: hiyo ndiyo milango yake mitatu huku. Mlango wa nne, wa shule na wa sanaa, ndio tunaoufungua sasa, na anayeingia kwa mlango wa nne lazima ajue waliotangulia waliacha nini sebuleni.

Basi tuliikata kadi. Jembe likakaa mezani na Kilugbara na Kiingereza tu. Alasiri wakaja wageni kutoka kambi ya wakimbizi ya Lobule, iliyoko Wilaya ya Koboko, inayokaliwa na watu waliotoka Kongo. Kati yao alikuwamo mama mmoja asiyejua Kiingereza wala Kilugbara. Alisoma kadi ya Kiswahili penye sufuria ya bibi wa mwanafunzi mwingine, sufuria iliyokwenda uhamishoni na kurudi, akatikisa kichwa na kusema, “Hata mimi nilibeba ya kwangu.” Alipofika penye jembe hakukuta neno analoweza kulisoma. Akamgeukia mzee aliyeketi karibu, akamwuliza, “Baba, na hili jembe lilifanya nini?” Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, kisicho na ngeli zote mahali pake lakini kisicho na wasiwasi, akamweleza walilima wapi, mvua zilikuwaje, na siku waliporudi walikuta nini. Walikaa hapo hadi viti vilipoanza kukusanywa. Kadi haikubadilishwa, wala sikuomba ibadilishwe.

Nimejifunza hapo jambo ambalo sikulipata katika kitabu cha ufundishaji. Kiswahili kilichobandikwa ukutani kilikuwa kwa mzee yule amri nyingine. Kiswahili alichoombwa na mgeni kilikuwa chake mwenyewe, akawa na hiari ya kukitoa au kukinyima. Hadhi ya lugha yetu katika nchi hii itategemea sana hiari ya namna hiyo, pengine kuliko maazimio ya Baraza la Mawaziri.

Wakati huu mambo ya sanaa na makumbusho yanakwenda mbele. Katika Wilaya ya Yumbe, jirani ya Koboko, kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, iliyofunguliwa mwaka 2016, imejengewa jumba la sanaa za maonyesho kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, na paa lake hukinga maji ya mvua. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda, kwa kuanzia kama mkopo wa miaka mitatu. Vitu vinarudi na majumba yanainuka. Swali la lugha litavifuata vyote.

Kwa hiyo napenda kuwapendekezea walimu wenzangu mambo matatu. Kwanza, kila tunaposhiriki katika maonyesho, kadi ianze kwa lugha ya mwenye kitu, na Kiswahili kifuate kama mgeni aliyekaribishwa. Pili, majina ya vitu yasitafsiriwe kwa nguvu: adungu ibaki adungu, na kazi yetu iwe kueleza. Wanafunzi wetu waweza kukusanya majina hayo, pamoja na maelezo yake, yakatajirisha kamusi za kesho. Tatu, kando ya kitu awekwe mtu, kila inapowezekana. Wazee waliobeba majembe na sufuria mwaka 1980 wamepungua sana, na kila mwaka wanapungua. Vitu vyao vitakaa. Vyuma na udongo vina subira. Wao ndio wasioweza kungoja, na wanafunzi tunao.