Kwenda Lamu bila ya Israfu

Watu wengi katika miji yetu hudhani kwamba mapumziko ya kando ya bahari ni jambo la matajiri na la wageni watokao ng'ambo. Baba mwenye mshahara wa wastani akiulizwa na watoto wake ni lini watakwenda pwani, hujibu "Inshallah", naye moyoni amekwisha kuufunga mlango. Wengine huuvunja mlango huo kwa mkopo. Wakakaa siku nne katika fahari, kisha wakalipa deni mwaka mzima. Njia hizi mbili hazitupendezi. Dini yetu imetukataza israfu, na imetukataza ubakhili pia, na baina ya viwili hivyo ipo njia ya kati. Njia hiyo twataka kuieleza hapa kwa mfano wa mji mmoja tuujuao, nao ni mji wa Lamu.

Lamu ni mji wa kisiwani katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Ni miongoni mwa miji ya kale ya Waswahili ambayo watu wangali wakikaa ndani yake, wala si magofu ya kutazamwa tu. Na katika mwaka 2001 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zake kongwe ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana hapana budi mmoja apishe. Gari hazipiti humo. Mtoto aliyelelewa katika kelele za magari ya Nairobi au Dar es Salaam hushangaa kwanza kwa kimya hicho, kisha hustarehe.

Sababu ya kuuchagua mji huu ni kwamba uzuri wake mwingi hauuzwi. Kutembea gatini jioni hakuna kiingilio. Kusali katika misikiti iliyosaliwa na mababu kwa karne nyingi hakuna tikiti. Bahari haina mlango. Basi mwenye kutumia fedha nyingi Lamu, mara nyingi hununua vitu ambavyo angeweza kuvipata kwao.

Jambo la kwanza la kuangalia ni wakati. Mwisho wa Disemba na mwanzo wa Januari wageni hujaa, hasa katika kijiji cha Shela, na kodi za nyumba hupanda. Mwezi wa Mfungo Sita nao, ambapo Maulidi ya Lamu husomwa, watu huja kutoka kila upande wa pwani ya Afrika ya Mashariki, na vyumba huwa haba. Mwenye kuja kwa ajili ya Maulidi na aje, lakini aagize mahali pa kulala mapema sana. Masika, Aprili hata Juni, kodi hushuka, lakini mvua ni nyingi na nyumba nyingine za wageni hufungwa. Baadaye kusi huvuma kwa nguvu, na bahari huchafuka. Sisi twaona wakati ulio bora kwa jamaa yenye watoto wa shule ni Novemba, skuli za Kenya zikiwa zimefungwa: upepo umekuwa wa maleleji, bahari imetulia, na umati wa Disemba haujafika bado. Mvua za vuli zaweza kunyesha, lakini aghalabu hupita upesi.

Jambo la pili ni njia. Ndege hutua Manda, kisiwa kilicho mkabala wa mji, na ni safari ya upesi. Lakini kwa jamaa ya watu sita au saba, nauli ya ndege yaweza kuzidi gharama yote ya kukaa kisiwani. Atokaye Nairobi aweza kupanda gari la moshi la SGR, lililoanza safari zake mwaka 2017, hadi Mombasa, akalala hapo, na asubuhi akashika basi. Basi hupita Malindi, Garsen na Witu hata Mokowe, ambako bara hukoma. Na safari hiyo huchukua sehemu kubwa ya mchana. Hatuna budi kusema kwamba baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, njia hii ilitiwa ulinzi, na magari yalikuwa yakifuatana na polisi. Hali hubadilika, basi mwenye jamaa na aulize habari za njia kwa watu wa Lamu wenyewe kabla ya kukata tikiti, wala asipange kusafiri usiku. Kuweka akiba ya fedha ni vyema, lakini roho haina akiba.

Mokowe zipo boti za namna mbili: boti ya pamoja, ambayo kila abiria hulipa nauli yake, na boti ya kukodiwa na mtu peke yake. Asiyejua hutiwa katika ile ya pili. Nasi tulipofika gati ya Lamu alitupokea dalali mmoja, akatuambia nyumba tuliyoagana imekwisha kupangishwa kwa watu wengine, na kwamba yeye anayo iliyo bora kuliko hiyo. Tulimshukuru, tukaenda kwa miguu hadi mlangoni, na mwenye nyumba tukamkuta akitungoja. Basi mgeni na achukue namba ya simu ya mwenye nyumba, wala asikubali habari ya nyumba yake kwa kinywa cha mtu wa tatu.

Jambo la tatu ni makazi. Hoteli huhesabu vitanda, na nyumba haihesabu. Jamaa ya watu saba katika hoteli yahitaji vyumba vitatu. Katika nyumba ya kupanga yahitaji ghorofa moja. Tena nyumba ya Lamu ina faida ambayo hoteli haina: ina daka la kukaa na wageni wa kiume, ina kiwanda cha ndani ambapo kina mama hukaa bila ya kutazamwa na wapitao, na mara nyingi ina dari ya juu ya kulala upepo. Mjini Lamu kodi huwa nafuu kuliko Shela, na mwendo wa baina yake kufuata ufuo hauzidi saa moja kwa mtu wa kawaida, maji yakiwa yamekupwa. Mwenye kukaa mjini na kwenda Shela kwa miguu, huweka fedha na hujenga mwili.

Katika nyumba hizo twaomba maji yatumiwe kwa adabu. Maji matamu ya mji huu hutoka katika visima vilivyo karibu na vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua na kuihifadhi chini. Mgeni aachaye mfereji wazi hafuji fedha za mwenye nyumba peke yake. Anywa kisima cha jirani.

Jambo la nne ni matembezi. Majumba ya makumbusho na ngome hutoza wenyeji na wakaazi wa Afrika ya Mashariki ada ndogo kuliko wageni wa mbali. Kwa hiyo kila mtu mzima na achukue kitambulisho chake. Ngome ilikamilika mwaka 1821, ikawa gereza hata 1984, na leo watoto husoma na kucheza mahali ambapo watu walifungwa. Karibu nayo pana soko la samaki na mboga. Iko pia nyumba ndogo iliyokuwa posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891. Kijana asomaye tarikhi ataelewa humo, kuliko kwa kitabu kizima, namna mataifa ya Ulaya yalivyoshindania pwani hii. Katika Shela uko Msikiti wa Ijumaa wenye mnara mnene mweupe, wa mwaka 1829. Na mjini uko Msikiti wa Riyadha, uliotokana na Habib Swaleh, mtu wa asili ya Ngazija, ambaye aliwafungulia mlango wa elimu watu ambao wakubwa wa zama zake hawakuwadhania kuwa ni wa elimu. Kisa hicho ndicho cha kuwasimulia watoto hapo, kabla ya kuwasimulia habari za mawe na chokaa.

Ukitaka safari moja ya chombo, nenda Takwa, magofu yaliyo katika kisiwa cha Manda. Huko lipo kaburi la mnara lenye mwaka wa Hijra 1094, na msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla. Husemwa kwamba watu wa Takwa walihama kwa sababu ya maji kuwa chumvi, wakaenda Shela. Mkondo wa kuingilia huko hupita katikati ya mikoko, na chombo hakipiti ila maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo siku ya safari haichaguliwi na mgeni, huchaguliwa na mwezi. Jamaa mbili zikishirikiana chombo kimoja, gharama hugawanyika.

Ufuo wa Shela ni mrefu, yapata kilomita kumi na mbili, na jamaa yenye kutaka sitara haikosi mahali pake. Lakini upande unaoelekea bahari kuu mawimbi yana nguvu. Watoto na waoge karibu na kijiji, na mtu mzima awe majini pamoja nao, si kivulini na simu yake.

Hayo ndiyo mahesabu. Sasa twafika katika neno lililotufanya tushike kalamu, kwani mahesabu kila mtu aweza kuyafanya. Safari yaweza kuwa rahisi kwa sababu ya busara, na yaweza kuwa rahisi kwa sababu mzigo wake amebebeshwa mtu mwingine. Watu hao ni watatu, na twapenda kuwataja.

Wa kwanza ni mwenyeji. Mtu mwenye jamaa Lamu hufurahi kwamba hatalipa kodi. Ni kweli, na kuunga udugu ni jambo la thawabu. Lakini shangazi mwenye kipato kidogo hatakuambia kwamba amekopa unga dukani kwa ajili ya watoto wako sita. Atachinja kuku wake wa mayai na kutabasamu. Wazee wetu walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mwenye adabu hangoji jembe. Siku ya kwanza hupita sokoni, akarudi na mchele, mafuta, sukari na samaki, akavitia jikoni bila ya kutangaza. Na ikiwa atakaa zaidi ya siku tatu, na apange nyumba yake karibu, aje kwa shangazi kwa mazungumzo.

Wa pili ni mama wa nyumba. Twasema kila siku kwamba kupika wenyewe ni nafuu, na hapana shaka ni nafuu. Lakini mara ngapi tumeona baba na watoto wako baharini, na mama yuko jikoni akikuna nazi, kama alivyokuwa akikuna kwao! Akiba ya namna hiyo imetolewa katika mapumziko ya mtu mmoja ili sita wastarehe. Sisi tulipatana hivi: asubuhi tulinunua mahamri na mbaazi kwa mama mmoja wa jirani, mchana tulipika mara moja tu, wavulana wakiparuza samaki na kuosha vyombo, wasichana na baba zao wakipika wali, usiku tulinunua mishkaki na viazi karai kandokando ya gati, pamoja na mkate wa mofa. Gharama ilikuwa chini mno ya hoteli, na mama aliona bahari kila siku. Wala hatukuona kijana yeyote aliyepungukiwa na heshima kwa kuosha sufuria.

Wa tatu ni mwenye chombo, na hamali, na mchukuzi wa punda. Kuagana bei ni ada ya biashara, na ni lazima kuagana kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Lakini kuna mpaka. Nahodha ana tanga la kushona, na mafuta ya kununua, na siku nyingi za kusi asizopata abiria. Mtu aliyelipa hotelini bila ya kuuliza, kisha akashindana nusu saa na nahodha juu ya fedha ya chai, hakuweka akiba. Amechagua tu mnyonge wa kumpunja. Uliza bei ya haki kwa watu wawili wa mjini, uilipe, na uilipe siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo twashauri kwamba fedha za safari zigawanywe nyumbani, kabla ya kufunga mizigo, ziwe mafungu matano: la njia, la makazi, la chakula, la matembezi, na la tano liwe la haki za watu: zawadi ya mwenyeji, sadaka ya msikiti, na nyongeza ya mwenye kutenda wema. Nauli ya kurudi na iwekwe mbali, isiguswe. Fungu moja likiisha, jamaa yote ijue, hata wadogo, wakae pamoja na kukata shauri watakalopunguza. Kijana aliyeshiriki katika hesabu hiyo hatasumbua kwa kutaka kila akionacho, naye atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapokuwa na nyumba yake.

Na ikiwa baada ya hesabu fedha hazitoshi siku saba, basi ziwe nne. Na zikiwa hazitoshi mwaka huu, ziwekwe kidogo kidogo hata mwaka ujao, kwani haba na haba hujaza kibaba. Lamu imengoja miaka mingi, na itawangoja watoto wenu. Lakini wasikue hata wakawa watu wazima bila ya kuiona, ilhali bahari ni yao na tarikhi ni yao. Mwenyezi Mungu atujaalie safari zenye salama, zisizotuachia deni kwa mtu, wala kwa shangazi, wala kwa mama, wala kwa nahodha.