Pipa la Mafuta Nyuma ya Zahanati

Msomaji mpenzi, ukivuka mto Pangani hapo Korogwe, shika barabara ya Handeni. Ni kilomita 65 hivi, na siku hizi ni lami tupu. Mkonge utauacha nyuma, na mahindi ya Wazigua yatakupokea. Kisha iache lami, ufuate njia ya vumbi jekundu mpaka zahanati ninayotaka kukuonyesha. Jina silitaji, maana zilizo kama hiyo ni nyingi.

Nyuma yake limelala pipa la lita 200 juu ya magogo mawili, kutu imelila. Miaka mingi pipa hilo lililisha jokofu la chanjo. Naam, jokofu la mafuta ya taa! Chini yake mna tangi dogo na utambi. Moto hupasha amonia iliyomo mabombani, nayo ikizunguka huondoa joto ndani. Hivi moto huleta baridi. Mwali wa buluu ni mwema. Wa manjano huleta masizi, na baridi hupungua. Na chanjo zataka nyuzi 2 hadi 8, usiku na mchana.

Basi ona hasara ya pipa bovu. Maji huingia, na kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hutuama chini na kula chuma. Uchafu ukifika utambini, moto hufa mganga amelala. Asubuhi chanjo huenda zimeharibika, wala jicho haliwezi kutambua. Mama aliyekuja kwa miguu tangu alfajiri atarudi na mtoto vilevile. Nao watu wa Handeni hawahitaji kuelezwa polio ni nini: huko Kwamkono wamewaona watoto waliopooza miguu wakilelewa. Tanzania haikumwona tena mgonjwa wa polio ya asili tangu 1996. Kazi hiyo ilifanywa na baridi pia, si sindano na matone peke yake.

Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipanda sana, ili watu wasiyachanganye na dizeli. Kijijini bei iliuma.

Sasa jokofu ni la jua. Halina hata betri: mchana hugandisha barafu, usiku barafu hulinda chanjo.

Lakini pipa bado lipo. Mama mmoja aliliomba akingie maji ya mvua, nawe wajua shida ya maji ya Handeni. Mganga akakataa, maana sumu ya mafuta haioshwi ikaisha. Fundi naye alitaka kulikata kwa moto atengeneze majiko. Huyo alifukuzwa mbio: mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Nilipoondoka, kuku walikuwa wametaga chini yake.