Mlango wa Milimita 237

Bawaba ya kabati la kisasa ina kikombe chenye kipenyo cha milimita 35. Ukiinunua Moshi, Mombasa au Maskati, utakuta ni hiyo hiyo 35. Vitundu vya ndani ya kabati, vile vinavyoshuka mstarini ili kushika vijiti vya rafu, huachana milimita 32, na viwanda vingi vya makabati vimefuata hivyo kwa miaka mingi. Aliyeletewa jiko lililotimia hana haja ya kuyajua haya. Mimi nililetewa pungufu, kwa hiyo ninayajua.

Jiko lenyewe nililichora kwa mkono wangu, kwenye daftari la hesabu lenye miraba, kisha kijana wa karakana moja huko Dar es Salaam akaliingiza kwenye kompyuta. Kilichonisukuma ni urefu wangu. Meza ya jikoni ya kawaida hufika kati ya sentimita 85 na 90 kutoka sakafuni, na mtu wa kimo changu akimenya ndizi za mtori wa ukoo mzima juu ya meza hiyo, mgongo humdai usiku. Nikataka 95. Nilipoona kalamu inanitii, nikaendelea: droo pana ya masufuria ya shughuli, chumba cha mtungi wa gesi chenye matundu ya hewa, mahali pa mbuzi ya nazi, maana mama mkwe ni mtu wa Pangani na wali usiotiwa nazi kwake si chakula. Karibu na dirisha pana nguzo iliyochomoza, na kati ya nguzo na friji palibaki upenyo. Nikauchorea kabati jembamba la viungo, likae humo bila kuacha hata nafasi ya mende kupita. Mlango wake ukatoka milimita 237.

Mzigo ulikuja na lori. Fundi akafungua boksi moja moja, akapanga vipande sebuleni kwa ukubwa, akaisoma orodha kwa sauti. Bawaba hazikutosha. Reli za droo kubwa zilikuwa mbili, ila zote za upande wa kushoto. Mlango wa 237 haukuwemo kabisa.

Fundi hakushtuka. Alitia bawaba moja mfukoni, akaenda mjini, akarudi na nyingine za kiwanda tofauti, pakiti yake ina maandishi nisiyoweza kuyasoma. Zikaingia kwenye vikombe vilivyokwisha kuchimbwa Dar es Salaam, skrubu zikakaa. Reli vilevile: urefu wa sentimita 45 upo kila duka la vifaa, akanunua jozi, na jioni droo ilikuwa inateleza. Nilikuwa nimeshaandaa hasira ya kutosha wiki nzima, ikakosa kazi.

Mlango ndio uliopata hasira hiyo. Nikapiga simu. Aliyekata alikuwa na picha ya mlango ukiwa umekatwa. Aliyefunga maboksi alikuwa na orodha yenye alama ya vema mbele ya kila kipande. Mtu wa lori aliapa kwamba maboksi aliyapokea yamefungwa na akayashusha yamefungwa, na saini ya kuyapokea ni yangu. Kila mmoja alikuwa na kweli yake, na kweli zote zikijumlishwa, mlango haumo. Ni kama michango ya msiba iliyopita mikono mitano ya watu waaminifu.

Dada wa ofisini, ambaye ndiye hatimaye aliyelibeba jambo lile, alinieleza taratibu: "Mama, ungekuwa mlango wa mia tatu ningeutoa kwenye oda nyingine leo hii nikakutumia kwa basi. Huu wa kwako hauna mwenzake." Tena ubao wa rangi ile huja mzima, futi 8 kwa 4, na karakana haifungui ubao mzima kwa ajili ya kipande kimoja chembamba. Ilibidi nisubiri mteja mwingine apende rangi yangu. Nikasubiri wiki baada ya wiki, nikiwaombea watu wa Dar es Salaam waipende rangi ya maziwa.

Katika kusubiri huko nilimfikiria sana Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 msanifu huyu kutoka Vienna alibuni jiko la nyumba mpya za jiji la Frankfurt: mita 1.9 kwa mita 3.4 hivi, kila kitu kimejengewa humo humo, droo za unga, rafu, hata ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani. Alipima hatua za mpishi kwa saa, akajifunza kwenye jiko la behewa la treni. Yalifungwa majiko kama 10,000, yakifanana. Wapo waliolalamika kwamba ni dogo, mtu wa pili hana pa kusimama. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alipolibuni alikuwa hajawahi kuendesha nyumba wala kupika, na nimemheshimu kwa kusema hivyo. Lakini droo ikikosekana Frankfurt, iliyofanana nayo ilikuwa kwa jirani.

Mkuu wa ujenzi wa jiji lile, Ernst May, alikuja kuishi huku kwetu. Alilima Tanganyika kuanzia 1934, kisha akahamia Nairobi na kurudia usanifu, na jengo la KNCU hapa Moshi ninalolipita nikienda mjini ni mchoro wake. Mtu aliyewagawia watu maelfu jiko moja, alipofika hapa aliuchorea ushirika wa wakulima wa kahawa jengo la peke yake. Sidhani kwamba alibadili imani. Nadhani alijua ni wapi pa kufananisha na ni wapi pa kutofautisha, na ujuzi huo ndio ninaoutafuta.

Hasara ya kutofautisha pasipotakiwa niliwahi kuiona kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Kilikuwa na mhazini hodari, mama mmoja mwenye alama zake alizozibuni mwenyewe: nukta kwa aliyelipa nusu, mkia kwa aliyeahidi, duara kwa mkopo wa msiba. Hakupotea hata shilingi mikononi mwake. Alipolazwa hospitali, tulikaa akina mama na daftari lile mezani, tukalitazama tu. Fedha zilikuwepo, tena salama, na hatukuweza kumkopesha mtu. Laiti daftari lingekuwa la mistari ya kawaida, la kununua dukani, yeyote kati yetu angekalia kiti chake mpaka apone. Hakuna aliyemlaumu. Hesabu yake haikuwa na dosari hata moja, ila iliingia kichwani mwake tu.

Hata hivyo simo katika wale wanaosema chukua cha dukani unyamaze. Mgongo wangu hauko dukani. Ila nilipochungulia chini ya makabati yangu niliona jambo ambalo mchoro haukunionyesha: makabati yenyewe yana kimo cha kawaida, sentimita 72. Kimo changu kimepatikana kwa fremu ya mbao yaliyokalishwa juu yake, ambayo seremala yeyote wa Kiusa, hapa Moshi, anaweza kuipigilia asubuhi moja, pamoja na unene wa jiwe la juu. Lile nililolihitaji kwa dhati limejengwa kwa vipande vya watu wote. Lililonisubirisha ni lile la kuziba upenyo.

Fundi aliliona kabla yangu. "Mama," alisema, "tungefunga mlango wa mia mbili, sentimita nne tukaziba kwa ubao, nani angeona?"

Nikamwambia mimi ningeona.

"Ungeona wiki moja," akajibu, akaendelea kukaza skrubu zake.

Mlango ulikuja kwa basi, umefungwa kwa blanketi, na rangi yake imepauka kidogo kuliko ya wenzake. Kwa kuwa ubao ulishafunguliwa, niliomba wanikatie miwili. Wa pili uko nyuma ya kabati la nguo. Juzi wifi yangu wa Arusha, anayejenga, aliniomba mchoro. Nimempa wote, ila kwenye kabati la viungo nimefuta 237 na kuandika 200 na ubao wa kuziba. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba ameupenda, isipokuwa jiko lake yeye litakuwa na kona ya mviringo, milango imepinda. Nimemtumia namba ya yule dada wa ofisini.