Leta na Kuleta



Katika Katanga yetu Serikali tunaiita Leta. Neno lilitoka katika Kifaransa, lakini masikio yetu hulisikia kwa Kiswahili. Zamani za Wabelgiji wazee wetu walijua kwamba Leta ni ya kuletewa: kuletewa kodi, kuletewa watu wa kazi. Siku hizi wengi hudhani kazi ya Leta ni kuleta tu, na kazi yetu ni kupokea. Mawazo hayo mawili ni ndugu: yote yatufanya watu wa kungoja mlangoni.

Tukumbuke mji wetu. Likasi ilipokuwa ikiitwa Jadotville, Union Minière iliwapa watu wake nyumba, posho, shule na hospitali. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Leta ilishika mali yake, ikazaliwa kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines, nayo ikafuata desturi ile ile. Baba alitoa, watoto wakala, wala hakuna aliyeuliza hesabu. Kazi ya shaba ilipoanguka katika miaka ya 1990, shule na hospitali zilidhoofika pamoja nayo. Tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mtu aliyezoea posho akajikuta na jembe mkononi, shamba hana.

Leo sheria ni nyingine, nasi yatupasa kuijua. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yasema hivi: katika kila franka 100 za ushuru wa kuchimba madini, 50 ni za Leta ya Kinshasa, 25 za jimbo, 15 za komini, sekta au usultani ambamo madini yachimbwa, na 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Tena, mbali na ushuru huo, kila kampuni inayochimba yapaswa kutoa angalau franka 3 katika kila 1,000 za mauzo yake, kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Katika chombo kinachosimamia fedha hizo, wenyeji nao wana wajumbe wao.

Mwaona basi, hiyo si sadaka, ni haki. Anayepewa sadaka hushukuru na kwenda zake. Mwenye haki huuliza hesabu.

Na kijiji kisicho na madini je? Udongo wake hauna shaba, lakini watoto wake wana hamu ile ile ya kusoma. Kwa ajili ya mahali kama hapo Leta ilianzisha mwaka 2022 kazi za mpango wa maendeleo ya teritware zote 145 za nchi: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara. Jirani zetu wa Kambove wamo katika hesabu hiyo. Sisi wa Likasi hatumo, kwa kuwa mji si teritware. Basi maskini wa Kikula asiungojee mpango usiomhesabu. Aulize komini yake.

Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931 kwamba mkubwa amsaidie mdogo, asimnyang'anye kazi ambayo mdogo aweza kuifanya mwenyewe. Hivyo ziko kazi ambazo hakuna waziri atakayetufanyia. Kwanza, tujue: katika kila jumuiya anayesoma Kifaransa awaeleze wengine sheria. Pili, tuchague wajumbe wasemao kweli, si wenye kugawa sukari na fulana. Tatu, tutunze: bomba lililovunjwa na vijana wetu halikuvunjwa na Kinshasa.

Leta italeta vema pale inapokuta watu waliokwisha kuandika wanachohitaji, wakahesabu kilichofika, wakakilinda kama mali yao. Nayo ni mali yao kweli.