Stamps, Mji wa Pamba

Katika kusini ya Marekani, jimbo la Arkansas, upo mji mdogo uitwao Stamps. Huko ndiko alikolelewa mwandishi Maya Angelou, aliyezaliwa mwaka 1928, na kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1969. Wazazi wake walipoachana, yeye wa miaka 3 na kaka yake wa miaka 4 walipandishwa gari la moshi peke yao, vikaratasi vya anwani vimefungwa mikononi, wakapelekwa kwa bibi yao mzaa baba.

Bibi huyo alikuwa na duka. Alfajiri wachuma pamba walilipitia kununua chakula, wakicheka na kujisifu kwa magunia watakayoyajaza. Jioni walirudi kimya, vidole vimechanika, na ujira usiofika hata deni lao la dukani. Mtoto aliyaona yote mawili msimu mzima. Nasi twaona kuwa hesabu hiyo hakuna chuo ambacho kingeweza kumfundisha.

Jino lilipomwoza, alipelekwa kwa tabibu wa meno Mzungu, ambaye bibi alipata kumkopesha fedha siku za dhiki. Akakataa kumgusa mtoto mweusi. Ikawabidi kupanda basi hadi Texarkana.

Lakini mji huo huo ndio uliomrudishia sauti. Baada ya kudhulumiwa mwilini huko St. Louis, alirudi Stamps hasemi, akanyamaza karibu miaka 5. Jirani mmoja, Bibi Flowers, alimwita nyumbani kwake, akamwekea biskuti na maji ya limau, kisha akampa vitabu kwa sharti moja: avisome kwa sauti.