Cape Coral: Pepo Yenye Bili

Kama umewahi kuota nyumba yenye maji nyuma ya jikoni, boti ikiwa imefungwa hatua kumi tu kutoka unapoanika nguo, basi ndoto yako ina jina: Cape Coral, Florida. Mji huu una mifereji ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilometa 640. Ndugu wawili wafanyabiashara walianza kuujenga mwaka 1957. Walichimba mifereji, udongo wake wakainulia viwanja, kisha wakaviuza kwa malipo ya kidogo kidogo kwa watu waliochoka na baridi ya kaskazini. Jua, maji, minazi na machungwa. Nani angekataa?

Nilifika huko Februari 2025, nikitokea Miami kwenye mkutano wa kikazi. Shoga yangu niliyesoma naye chuo anaishi pale na mumewe, na alishaniapia kwamba nikipita Florida bila kufika kwake, urafiki umekwisha. Nikakodi gari. Barabara inakatisha kinamasi cha Everglades, imenyooka kama rula, ina uzio kulia na kushoto, na nje ya uzio kuna maji yenye mamba. Wenyeji wameibatiza Alligator Alley, yaani uchochoro wa mamba. Baada ya saa mbili na nusu hivi unakuwa umevuka rasi yote, kutoka Atlantiki hadi Ghuba ya Mexico.

Nyumba yao ni nzuri jamani, lazima niseme ukweli. Vyumba vitatu, paa la vigae, kibwawa cha kuogelea, na mfereji nyuma ambapo samaki wanaruka jioni. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwenye baraza, tukacheka mambo ya hosteli hadi machozi. Halafu shemeji akaingia na barua za siku ile. Akafungua moja. Akaisoma mara mbili, akaiweka juu ya meza, akaenda kusimama kando ya maji bila kusema neno.

"Bima hiyo," shoga yangu akanong'ona. "Kila mwaka ni hivi hivi."

Msomaji wangu, mimi bima niijuayo ni ya gari, ile ndogo na ile kubwa. Sikuelewa kwa nini karatasi moja imnyamazishe mwanaume mzima. Ilibidi nieleweshwe.

Walinunua nyumba mapema 2017 kwa mkopo wa benki. Huko benki haikukopeshi bila bima ya nyumba, na mara nyingi benki yenyewe inakusanya hela ya bima pamoja na rejesho la kila mwezi, halafu inailipa kampuni ya bima kwa niaba yako. Mwaka ule bima yao ilikuwa dola 1,900. Mwaka 2023 kampuni yao iliwaandikia kwamba haitaendelea nao, wakahangaika mpaka wakapata nyingine, ya bei zaidi. Mwaka 2024 walilipa dola 5,100. Barua ya usiku ule ilisema bima imefika dola 6,300. Kwa hiyo rejesho linapanda kwa dola 200 kila mwezi: 100 za bima mpya, na 100 za kufidia pengo ambalo benki ilishalilipa. Bima ya mafuriko ni nyingine, ina bili yake. Ndiyo, wala hujasoma vibaya! Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko. Ile unaikata peke yake, na wengi wanaikata kwenye mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 1968.

"Na hatujawahi kulipwa hata senti moja," shemeji akasema aliporudi kukaa. "Sisi tunatoa tu."

Kwani hawajapata hasara? Wamepata sana. Tarehe 28 Septemba 2022 Kimbunga Ian kiliingia karibu kabisa na hapo, kwenye kisiwa cha Cayo Costa, kikiwa na upepo wa kilometa 240 kwa saa. Kwao kiling'oa vigae, kikaangusha uzio wa wavu uliofunika kibwawa. Matengenezo yakawa dola 7,200. Lakini mkataba wao una kifungu kinachosema kwamba hasara ya kimbunga ikitokea, mwenye nyumba anaanza kubeba mwenyewe asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima. Nyumba imekatiwa dola 400,000. Asilimia 2 yake ni dola 8,000. Piga hesabu mwenyewe. Walilipa bima miaka yote, kimbunga kikaja, na malipo yakawa sifuri.

Nilikasirika kwa niaba yao. Kesho yake shoga yangu akaniambia, "Twende nikuonyeshe kitu, labda utaelewa vizuri."

Tukavuka mto Caloosahatchee, tukafika Fort Myers Beach. Mji huu uko juu ya kisiwa chembamba cha mchanga kiitwacho Estero. Mchanga wake ni mweupe na laini kama sembe, watalii wamejilaza, watoto wanakimbiza ndege. Lakini geuka upande wa nyumba. Kiwanja kitupu, nyumba, kiwanja kitupu, ngazi ya zege isiyokwenda popote, kiwanja kitupu. Siku ya Ian bahari iliinuka hapa kwa zaidi ya mita tatu. Nyumba za mbao zilizokuwepo toka enzi za babu ziliondoka na maji. Zinazojengwa sasa zimesimama juu ya nguzo ndefu, gari linaegeshwa chini, watu wanaishi juu. Nyumba iliyoharibika ikihitaji matengenezo yanayozidi nusu ya thamani yake, kanuni zinataka ijengwe upya kwa viwango vya sasa, yaani iinuliwe. Wengi hawakuwa na hela hiyo. Wakauza kiwanja wakaondoka.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipoielewa barua. Bei ya bima haipangwi kwa yaliyokupata wewe. Inapangwa kwa yanayoweza kuupata mwambao wote kwa siku moja. Kampuni za bima nazo hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi, nyingi ziko Bermuda, London na Ulaya, na hao wakipandisha bei, mwenye nyumba wa Cape Coral anailipa. Ongeza gharama za mafundi na vifaa zilizopanda, ongeza wimbi la kesi za madai ya bima, na kampuni kadhaa zilizofilisika mwaka 2022. Desemba mwaka huo bunge la jimbo lilibadilisha sheria za kesi hizo, kampuni mpya zikaanza kuingia, lakini bei iliyokwisha kupanda haikurudi ilikotoka.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1992 Kimbunga Andrew kiliubomoa mji wa Homestead, kusini ya Miami, na kampuni 11 za bima zikafa. Ndiyo maana jimbo lina shirika lake, Citizens, lililoundwa mwaka 2002 kwa ajili ya wanaokosa bima kwingine. Mwaka 2023 lilikuwa na mikataba zaidi ya milioni moja na laki tatu. Hata hivyo, likiishiwa hela baada ya kimbunga kikubwa, sheria inaliruhusu kuwatoza wenye bima jimbo zima, hata wasio wateja wake. Kwa hiyo upepo ukivuma kwa jirani, na wewe unachangia.

Usiku ule nililala vibaya. Ukuta ulikuwa mwembamba nikawasikia wakibishana. Yeye anataka wauze wahamie Georgia, mbali na bahari. Shemeji hataki, mikono yake ndiyo iliyoweka kila kigae cha bafuni. "Unaipenda nyumba kuliko usingizi wangu," nilimsikia akisema. Kisha kimya kirefu. Wapenzi, kuna ndoa zinavunjwa na nyumba ndogo, na kuna zinazochoshwa na nyumba yenyewe.

Asubuhi niliwakuta mezani na kalamu. Waliandika mambo mawili. La kwanza, kumwita mkaguzi apande darini aangalie kama paa limeshikwa ukutani kwa misumari tu au kwa mikanda ya chuma, maana sheria ya Florida inazitaka kampuni zitoe punguzo kwa nyumba iliyoimarishwa dhidi ya upepo. La pili, namba. Walikubaliana kiasi cha bima ambacho kikivukwa wanauza, bila ugomvi, bila kumlaumu mtu. Sitaitaja namba yenyewe, ni siri yao. Nilichokiona ni kwamba shemeji ndiye aliyeiandika, mkono ukimtetemeka kidogo, na mkewe akauwekea wake juu.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda kati ya Januari na Aprili. Msimu rasmi wa vimbunga unaanza Juni mosi hadi Novemba 30. Kodi gari, maana usafiri wa umma ni wa kubahatisha. Vuka daraja hadi kisiwa cha Sanibel uokote makombe alfajiri. Jioni kaa ufukweni utazame jua likizama kwenye ghuba, tena ukiwa na mwenzako, ndiyo utajua kwa nini watu hawa wanang'ang'ania.

Mimi nilirudi Dar na swali. Sisi pia tunazipenda nyumba za ufukweni. Ukionyeshwa kiwanja Kigamboni au Bagamoyo unauliza bei, unauliza hati, basi. Tunajiambia vimbunga ni vya wenzetu, wakati mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Wengi wetu nyumba hatujazikatia bima yoyote. Barua ya kutukasirisha haitufikii mezani, lakini maji yakija, bili yote ni yetu.

Wiki iliyopita shoga yangu alinipigia. Mkaguzi alikuja. Mikanda ya chuma ipo, nusu ya paa. Nusu nyingine shemeji anaifunga mwenyewe, kabla ya Juni.